Kompyuta ya mezani imenyamaza: sauti hukatikia wapi kabla ya kukimbilia kupiga Windows upya

Tangu Microsoft ifunge rasmi msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mezani zimebadilishwa mfumo. Wapo waliohamia Windows 11, wapo walioweka Linux, mfumo mwingine wa bure, kwa sababu mashine zao zilikataliwa na Windows 11, na wapo walioamua kununua mtumba mwingine wa ofisini. Pamoja na hekaheka hizo limerudi swali la siku zote: picha ipo, video inacheza, sauti imepandishwa hadi mwisho, lakini spika kimya.

Uliza kwenye grupu lolote, majibu ni yaleyale matatu. "Kadi ya sauti imeungua." "Hao ni virusi." "Piga Windows upya." La kwanza huwa kweli mara chache. La pili ni kisingizio tu. Virusi wa siku hizi wanatafuta nywila na pesa zako, hawana faida yoyote wakikunyima muziki. La tatu, yaani kuifuta Windows na kuiweka tena, wakati mwingine hufanya kazi, ila ni sawa na mtu aliyepoteza ufunguo akaamua kuhama nyumba: mafaili yanapotea, programu za kazi zinapotea, na mara nyingi kompyuta inawaka upya ikiwa bubu vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa ndani ya Windows.

Ninachokiamini mimi, baada ya kuona mashine nyingi za aina hii, ni kwamba sauti huwa haijafa. Inatoka vizuri kabisa, ila inapelekwa mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Kazi yote ni kujua inapelekwa wapi.

Kwanza tuelewane maneno

Wimbo ulio kwenye diski ni namba tupu. Kadi ya sauti huzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na spika hutikisika kuufuata umeme huo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na kadi ya namna hii. Ilikuwa na spika ndogo ya kulia "bip" tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta Sound Blaster, kadi unayoinunua na kuichomeka ndani. Leo karibu kila kompyuta ya mezani ina chipu ndogo ya kazi hiyo iliyobanwa moja kwa moja kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, nyingi zikiwa za kampuni ya Realtek. Kwa hiyo mtu akikuambia kadi ya sauti "imelegea", muulize kwanza kama kompyuta yako ina kadi ya kulegea. Na ile "bip" inayosikika baadhi ya mashine zinapowaka haithibitishi chochote, kwa sababu haipiti kwenye njia hii ya sauti tunayoizungumzia.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu hiyo. Bila draiva, chipu ipo lakini Windows haijui iiambie nini.

Kifaa cha kutolea sauti ni mahali popote ambapo Windows inaamini inaweza kupeleka sauti: tundu la kijani nyuma ya sanduku, monita iliyounganishwa kwa HDMI, hedifoni za Bluetooth, hedifoni za USB. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Kompyuta moja inaweza kuwa na vifaa vinne au vitano vya aina hiyo kwa wakati mmoja, na kwa kawaida Windows huchagua kimoja na kukipa sauti yote. Vingine hukaa kimya, hata kama vimeunganishwa vizuri na viko tayari.

Sasa fuatisha njia nzima. Sauti huanzia kwenye programu, mathalani kivinjari au VLC, programu ya kuchezea nyimbo na video. Inaingia kwenye kichanganyio cha Windows, ambako kila programu ina kiwango chake. Windows inaipeleka kwa kifaa kilichochaguliwa. Draiva inaipokea, chipu inaigeuza kuwa umeme, umeme unatoka kwenye tundu, unapita wayani na kuingia kwenye spika ambayo nayo ina swichi, umeme wake na kidude chake cha kuongeza sauti. Pamoja na urefu huo, mahali pamoja tu pakifungwa inatosha kuleta ukimya kamili. Ndiyo maana kupandisha sauti ya YouTube hadi mwisho hakusaidii kitu kama kizuizi kiko mbele yake.

Anayetafuta kizuizi kwa kubahatisha atazunguka siku nzima. Njia ya haraka ni kukagua katikati ya njia na kuuliza: mpaka hapa sauti imefika, au haijafika?

Vijistari vya kijani

Windows ina mahali pa kuulizia swali hilo, na nashangaa jinsi lilivyo geni kwa watu wengi, wakiwemo baadhi ya mafundi. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo, andika mmsys.cpl kisha bonyeza Enter. Inafanya kazi kwenye Windows 7, 10 na 11. Litafunguka dirisha dogo la mtindo wa zamani lenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na pembeni ya kila kifaa utaona ngazi ya vijistari vilivyofifia.

Acha dirisha hilo wazi, kisha chezesha wimbo wowote. Tazama vile vijistari.

Vikiruka kijani kufuata wimbo, maana yake programu inatoa sauti na Windows inaipeleka kwenye kifaa hicho. Kila kilicho nyuma ya hapo ni kizima. Usiguse tena kivinjari, usifute VLC, usipige Windows. Tatizo liko kwenye kifaa chenyewe, wayani au kwenye spika.

Visiporuka kwenye kifaa chochote, sauti haijafika hapo. Rudi nyuma kwenye programu.

Vikiruka kwenye kifaa ambacho hukukitarajia, kwa mfano kwenye jina la monita badala ya palipoandikwa Speakers, umeshampata mwizi.

Ukaguzi huu hauchukui hata dakika mbili, na unaondoa nusu ya uwezekano wote kwa mkupuo.

Vijistari visiporuka

Tuanze na upande huu kwa sababu ni mfupi. Kama wimbo unachezwa na hakuna kinachoruka, chezesha kitu kingine kwenye programu nyingine. Kama video ya kwenye kivinjari iko kimya lakini faili lililo kwenye diski linasikika, basi tatizo ni kivinjari. Angalia kichupo cha ukurasa huo: kikiwa na alama ya spika iliyopigwa mstari, kimezimwa sauti, na mara nyingi aliyekizima ni wewe mwenyewe kwa mbofyo wa bahati mbaya. Jua pia kwamba tangu mwaka 2018 Chrome huzuia video nyingi zinazojianzisha zenyewe zisipige kelele, kwa hiyo video inayoanza kimya ukurasa unapofunguka ni utaratibu wa kawaida. Bofya alama ya sauti kwenye video yenyewe.

Jambo jingine ni kile kichanganyio. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kiwango chake peke yake, na Windows hukikumbuka. Aliyepunguza sauti ya kivinjari hadi sifuri mwezi uliopita ili apokee simu ataikuta sifuri leo, hata kama sauti kuu iko mia. Bofya alama ya spika iliyo chini kulia kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua palipoandikwa Volume mixer, na uangalie programu moja moja.

Na kuna mtego mwingine wa jinsi hiyo ambao watu hawaushuku. Windows 10 toleo la mwaka 2018 na zilizofuata zinaruhusu kila programu ipangiwe kifaa chake. Kivinjari kinaweza kuwa kimepangiwa hedifoni ambazo hazipo tena mezani, huku programu nyingine zote zikisikika. Kwenye Windows 11 dirisha hilo la kichanganyio lina kitufe cha kurudisha kila kitu kwenye hali ya mwanzo, na kwenye Windows 10 kitufe hicho kiko kwenye Settings, System, Sound, chini ya App volume and device preferences; kibonyeze usisumbuke kutafuta moja moja.

Monita isiyo na spika

Kama kuna chanzo kimoja ninachokikuta mara kwa mara kwenye kompyuta za mezani, ni hiki, na kinazidi kadiri watu wanavyoachana na waya wa VGA.

Waya wa VGA, ule wa bluu wenye skrubu mbili, hubeba picha tu. HDMI na DisplayPort hubeba picha na sauti pamoja. Mtu anaponunua monita mpya au kuunganisha TV kwa HDMI, kompyuta inaambiwa kwamba kimeongezeka kifaa cha kutolea sauti. Windows mara nyingi hukichagua hicho kipya chenyewe, bila kuuliza. Kama ni TV, sauti itatoka kwenye TV na hakuna atakayelalamika. Lakini monita nyingi hazina spika ndani, ingawa baadhi ya zisizo na spika bado hujitambulisha kama zinapokea sauti. Zikipewa, sauti inaishia humo. Huku nyuma, spika zako zilizochomekwa vizuri kwenye tundu la kijani zinasubiri kitu ambacho hakitakuja.

Baadhi ya monita hizo zina tundu dogo la hedifoni nyuma au chini. Chomeka hedifoni hapo: ukisikia wimbo, kila kitu ni kizima na kilichobaki ni uchaguzi tu.

Kuna ndugu yake wa karibu zaidi na mazingira yetu. Kompyuta nyingi za mtumba za ofisini zina DisplayPort au HDMI, na aliyenunua tayari ana monita ya zamani ya VGA, kwa hiyo anauziwa adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Adapta nyingi za aina hiyo zina kitundu cha sauti ubavuni, kidogo kiasi kwamba watu hudhani ni pambo. Windows ikiiona adapta inayoweza kupokea sauti, inaweza kuipa sauti yote. Mwenye kompyuta anabaki kusema monita ni ileile na spika ni zilezile, iweje sauti ipotee? Kilichobadilika ni kile kidude cha katikati.

Dawa ni moja. Kwenye dirisha lile la mmsys.cpl, bofya palipoandikwa Speakers au Headphones, kisha ubonyeze Set Default. Kwenye Windows 10 na 11 unaweza kufanya hivyohivyo kwa kubofya alama ya spika iliyo chini kulia na kuchagua kifaa kwenye orodha. Kama monita yako inairudisha sauti kwake kila inapozimwa na kuwashwa, ibofye kwa kitufe cha kulia kwenye orodha ya mmsys.cpl na uchague Disable. Picha haitaathirika.

Kama kwenye orodha unaona jina lenye neno Digital au SPDIF, hilo ni kwa redio kubwa zinazopokea sauti ya kidijitali kwa waya wake maalumu. Ukilichagua kwa spika za kawaida, utapata ukimya na hakuna kilichoharibika.

Bluetooth ina kasheshe yake. Hedifoni moja inaweza kuonekana mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya muziki na mara ya pili kwa ajili ya simu, ikiwa na maneno Hands-Free. Ukiingia kwenye mkutano wa mtandaoni, sauti huhamia kwenye ile ya simu, na programu iliyobaki inapeleka sauti kwenye ile ya muziki ambayo kwa wakati huo imenyamaza. Na kama kompyuta unaiendesha ukiwa mbali kwa Remote Desktop, usishangae spika za mezani kukaa kimya. Kwa kawaida sauti inakufuata ulipo.

Sabufa na waya wake

Vijistari vinaruka, kifaa ni chenyewe, na bado kimya? Sasa inuka kwenye kiti.

Kompyuta nyingi za majumbani, kwenye saluni na kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi zinatumia sabufa. Sabufa haina pa kusikiliza pamoja tu. Ina redio, ina Bluetooth, ina tundu la flashi na memori kadi, na ina AUX, ambako waya wa kompyuta umechomekwa. Inasikiliza kimoja kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi huamka kwenye Bluetooth au redio na kusahau kwamba zilikuwa AUX. Nyingi pia, ukizichomekea flashi, huhamia kwenye flashi mara moja. Mwenye duka anaondoa flashi, anarudi kwenye kompyuta, na kompyuta "imeharibika". Bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo, kwenye sabufa au kwenye rimoti, mpaka kioo kiandike AUX. Kama sabufa yako ina jozi mbili za matundu mekundu na meupe, moja ikiwa imeandikwa AUX na nyingine DVD, hakikisha ulichochagua ndicho ulichochomeka.

Usiichunguze sabufa kwa kutumia kompyuta unayoishuku. Chomoa waya kwenye kompyuta, uuchomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, kisha ucheze wimbo. Ikilia, sabufa na waya vimepona. Isipolia, hapo kompyuta imeonewa bure. Kisha fanya kinyume: chukua hedifoni unazojua ni nzima uzichomeke kwenye kompyuta. Majaribio haya mawili yanamaliza ubishi wa nani mkosaji kati ya kompyuta na spika, na hayahitaji fundi.

Spika za redio ya zamani, zile zenye nyaya mbili tupu na zisizochomekwa kwenye umeme, hazitafaa hata ukizifungia pini. Tundu la kompyuta limetengenezwa kwa ajili ya hedifoni au spika zenye amplifaya yake ndani. Halina nguvu ya kusukuma spika kubwa peke yake. Utasikia mnong'ono, au usisikie kabisa.

Tuje kwenye matundu. Kwa mpangilio wa rangi uliozoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kijani ni sauti inayotoka, pinki ni maikrofoni, bluu ni sauti inayoingia kutoka kwenye chombo kingine. Kwenye kona yenye giza nyuma ya meza, kijani na bluu hufanana. Washa tochi ya simu. Mashine nyingi za ofisini hazina rangi hizo, zina michoro midogo tu iliyochongwa kwenye chuma; tafuta mchoro wa hedifoni au wa mawimbi yenye mshale unaotoka nje.

Ukisikia muziki lakini sauti ya mwimbaji iko mbali kama anaimba kisimani, huku ala za pembeni na mwangwi vikisikika vizuri, pini haijaingia mpaka mwisho, au waya wa ardhi ndani yake umekatika. Bila waya huo, kilichorekodiwa sawasawa kulia na kushoto hujifuta chenyewe, na mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa katikati. Sukuma pini mpaka isikike "tik". Pini ya hedifoni za simu ina mistari mitatu kwa sababu inabeba na maikrofoni. Ikichomekwa kwenye tundu la zamani la kijani wakati mwingine huleta hali hiyohiyo, na kuivuta nje kidogo sana huweza kuirekebisha.

Ndani ya tundu kuna kitu kinachosababisha ukimya wa kutatanisha zaidi. Tundu lina kijichuma kinachosukumwa na pini ili kompyuta ijue kwamba kitu kimechomekwa. Kwenye mashine nyingi, hedifoni zikichomekwa mbele, sauti ya nyuma hukatwa. Kijichuma kikipinda, kikiliwa na kutu au kikijaa vumbi, kompyuta huendelea kuamini kwamba hedifoni bado ziko mbele. Kwa walio karibu na bahari, kuanzia Mombasa na Unguja hadi Dar es Salaam na Mtwara, hewa ya chumvi haina mzaha na vyuma vidogo kama hivyo. Chomeka pini mbele na kuichomoa mara kadhaa. Mara nyingi kijichuma huachia. Mulika na tochi pia, kwa sababu kuna hedifoni zinazokatika ncha na kuacha kipande cha chuma ndani. Kipande hicho kwa kompyuta ni hedifoni kamili. Mpe fundi akitoe, na usithubutu kutia gundi ya haraka kwenye kijiti ili ukivute, kwani utabaki na ncha na kijiti ndani.

Ikiwa kompyuta ina programu ya Realtek, ndani yake kuna mahali pa kuzima ukaguzi wa tundu la mbele. Ukiuzima, kompyuta huacha kusikiliza uongo wa kijichuma.

Kabla hujaondoka nyuma ya sanduku, kumbuka kwamba baadhi ya kompyuta za ofisini, zikiwemo Dell OptiPlex na HP nyingi, zina spika ndogo ndani. Chomoa kila pini, mbele na nyuma, ucheze wimbo. Ukisikia kisauti chembamba kutoka tumboni mwa sanduku, chipu na draiva ni vizima.

Kifaa hakipo kabisa

Hali ya mwisho ni pale unapofungua mmsys.cpl ukaambiwa hakuna kifaa chochote, au alama ya spika ina msalaba mwekundu. Hapa ndipo lile neno draiva linapopata kazi.

Anza kwa Restart, na namaanisha Restart yenyewe. Wengi husema "nimezima na kuwasha" wakiwa wametumia Shut down, lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kama ilivyo ili mashine iwake haraka. Hitilafu huhifadhiwa nayo. Restart huanza upya kweli. Isiposaidia, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, kisha uchomeke tena. Madabodi huendelea kupokea umeme kidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na chipu ya sauti iliyoganda inaweza kubaki imeganda mpaka umeme huo ukatwe.

Ikibaki vilevile, bofya kitufe cha Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Device Manager, na utafute sehemu ya sauti. Kifaa chenye mshale wa kushuka kimezimwa tu, kiwashe. Chenye pembetatu ya njano kina tatizo la draiva. Ukikifungua ukakuta Code 28, draiva haijawekwa kabisa. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Bofya kwa kitufe cha kulia, kiondoe, kisha Restart. Windows itakitafuta upya, na mara nyingi itakipa draiva ya jumla ya Microsoft iitwayo High Definition Audio Device. Jina hilo huwatia watu wasiwasi, lakini ni draiva nzuri tu ya kusikilizia muziki. Kama ukimya ulianza mara baada ya masasisho, humo kwenye sifa za kifaa kuna kitufe cha kurudi kwenye draiva iliyotangulia.

Ukihitaji draiva ya mtengenezaji, ifuate kwa mtengenezaji wa kompyuta. Dell zina utambulisho wa herufi na namba, jumla yake saba, kwenye stika ya sanduku, HP na Lenovo zina namba zao; ziandike kwenye tovuti ya kampuni nawe utaletewa draiva za mashine hiyohiyo. Zile programu za bure zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja mimi sizigusi. Huweza kuleta draiva ya mashine nyingine, huja na matangazo, na nyingine hudai pesa baada ya kukutisha kwamba una matatizo chungu nzima.

Kama ujumbe unasema huduma ya sauti haifanyi kazi, bonyeza tena nembo ya Windows na R, andika services.msc, tafuta Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder, na uhakikishe zote mbili zinaendeshwa na zimewekwa Automatic. Nakala za Windows zilizopunguzwa ili ziwe nyepesi wakati mwingine huwa zimekatwa huduma za namna hii. Hapo kupiga Windows upya ni jibu halali, mradi iwe Windows kamili.

Na kama Device Manager haina hata dalili ya chipu ya sauti, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows: Dell kwa F2, HP za ofisini kwa F10, Lenovo ThinkCentre kwa F1, mara tu mashine inapowaka. Ofisi na shule huweza kuzima sauti humo ili watu wafanye kazi, na mashine ikiuzwa mtumba mpangilio unaweza kwenda nayo. Tafuta sehemu ya Audio uiwashe. Hakuna Windows mpya itakayoona chipu iliyozimwa kwenye BIOS, hata ukiipiga mara kumi.

Kwa waliohamia Linux, maneno Dummy Output kwenye mipangilio ya sauti yana maana hiyohiyo: mfumo haujapata kifaa cha kutolea sauti. Kama chipu inaonekana lakini kimya, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika alsamixer, na uangalie chini ya kila mnara. Palipoandikwa MM pamezimwa. Sogea hapo kwa mishale, ubonyeze M.

Ikithibitika kwamba chipu yenyewe imekufa, labda kwa radi au umeme uliopanda ghafla, bado madabodi haihitaji kubadilishwa. Kuna kadi ndogo za sauti za USB, ukubwa wa flashi, zenye tundu la hedifoni na la maikrofoni. Ndani yake mna chipu kamili, na nyingi hutambuliwa na Windows na Linux bila kuwekewa draiva yoyote. Ichomeke nyuma ya sanduku, ichague kwenye mmsys.cpl kama kifaa kikuu, kisha uizime ile chipu iliyokufa kwenye BIOS ili Windows isije ikairudia.